Barua ya wazi kwa viongozi wa hospitali zetu: timu hujengwa wodini

Waheshimiwa Waganga Wafawidhi, Makatibu wa Afya na Wauguzi Wafawidhi,

Salaam, na poleni na kazi.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nina miaka 14 katika wodi ya wazazi, na usiku wake naufahamu kuliko mchana. Nawaandikia kwa sababu mwaka huu tena tumetangaziwa semina ya "kujenga timu": siku moja, ukumbi wa hoteli, mwezeshaji wa kukodi, fulana za rangi moja na kuvuta kamba jioni. Semina za namna hiyo nimehudhuria tatu. Nilifurahi, wala sisemi kwamba waliozipanga walikuwa na nia mbaya. Inapendeza kumwona daktari bingwa na mhudumu wa wodi wameshika kamba moja, wanacheka. Ila asubuhi yake tuliporudi kazini, yule daktari alimwita yule mhudumu "wewe", maana jina lake hakulijua, na yule mhudumu akaendelea kunyamaza hata alipoona jambo.

Naomba fedha hizo, muda huo na nia hiyo njema vihamie wodini. Nitaeleza kwa nini, na itabidi nianze na usiku mmoja ambao bado nauota.

Hospitali siitaji. Mama mmoja, uzazi wa pili, alijifungua saa moja na robo usiku, mtoto mzima, kalia vizuri. Saa mbili zamu ikabadilika. Wenzetu wa jioni walikuwa wanawahi daladala, nasi tulioingia tulikuwa wawili kwa wazazi 11, wawili kati yao wakiwa tayari wanasukuma. Makabidhiano yalifanyika mezani, karibu na mlango, mwenzangu akiwa na mkoba begani: "Kitanda cha nne kajifungua, yuko vizuri." Daftari la ripoti nalo lilisema hivyohivyo. Hakuna aliyekwenda kitandani.

Saa tatu kasorobo mhudumu wetu, mama wa makamo ambaye yuko wodini pale kabla yangu, alipita na ndoo. Akaona kanga iliyo chini ya yule mama imelowa, akaitoa, akaweka nyingine. Baadaye kidogo akaitoa na hiyo. Kanga tatu ziliingia kwenye ndoo, naye hakusema neno. Saa tatu na dakika 40 ndipo bibi wa mtoto aliponiita: "Nesi, mwanangu anapiga miayo tu, hanijibu."

Mkunga yeyote anajua miayo ile maana yake ni nini: damu inaisha mwilini. Presha ilikuwa 70 kwa 40, tumbo la uzazi limelegea kama unga uliokandwa. Nikapiga kelele niletewe oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, watu wawili wakakimbilia kabati moja. Hakuna aliyekwenda maabara kuulizia damu, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshakwenda. Simu ya wodi haikuwa na vocha, nikampigia daktari kwa yangu. Alifika, akafanya kila awezalo, na saa sita usiku mama yule akaingizwa thieta, chumba cha upasuaji. Alipona. Lakini alirudi kwao bila kizazi, na umri wake ulikuwa miaka 22.

Asubuhi nilimfuata yule mhudumu. Nikamuuliza kwa upole, mama, zile kanga uliziona, mbona hukutuambia? Akanitazama, akasema: "Sista, mwezi uliopita nilisema, nikaambiwa kazi yangu ni ndoo." Aliyemwambia hivyo alikuwa muuguzi mwenzangu. Nami siku hiyo nilikuwepo, nikanyamaza.

Viongozi wetu, nawaomba msome tukio hili kama linavyopaswa kusomwa. Aliyezalisha alizalisha salama. Mhudumu alibadilisha kanga, ndiyo kazi aliyoambiwa ni yake. Daktari aliitwa akaja. Ukichukua jedwali la majukumu ukamkagua kila mtu peke yake, kama tunavyopimwa kila mwaka kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, huenda sote tungepata alama nzuri. Damu ya mama yule ilipotelea katikati yetu, pale ambapo jukumu la mmoja linaisha na la mwingine halijaanza. Na hapo katikati hakuna mtumishi wa kawaida mwenye mamlaka napo. Mwenye mamlaka napo ni kiongozi, kwa sababu yeye ndiye anayepanga zamu zianze saa ngapi, zipishane kwa dakika ngapi, nani akae na nani, na nani ana ruhusa ya kusema.

Wengine watanijibu kwamba tatizo ni uchache wa watumishi. Ni kweli, na sitaki barua hii itumiwe kama sababu ya kuacha kuajiri. Wakunga wawili kwa wazazi 11 ni wachache, hata wakiwa wanapendana kama ndugu. Lakini usiku ule tungekuwa wanne bila kukabidhiana kitandani, kanga zingeingia kwenye ndoo vilevile.

Tuna mifano ya nyumbani, na inanisikitisha kwamba tunaitaja kwenye mikutano kuliko tunavyoifuata. Kuanzia Oktoba 2007 hadi Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya usalama wa upasuaji katika hospitali nane za miji minane duniani. Palikuwa na London, Seattle, Toronto, New Delhi, Manila, Amman na Auckland. Wa nane ulikuwa Ifakara, hapa kwetu Tanzania. Orodha yenyewe ni vipengele 19 vinavyosomwa kwa sauti: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchana ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa thieta. Kwa jumla ya hospitali zote nane, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo mengine makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Matokeo yalichapishwa Januari 2009.

Kipengele kimoja katika orodha ile nakipenda kuliko vingine vyote: kabla ya kisu, kila aliye chumbani anataja jina lake na kazi yake. Daktari wa upasuaji, wa usingizi, muuguzi wa vifaa, mwanafunzi aliyesimama pembeni. Wapo wanaokiona ni kupoteza muda. Mimi nimesimama thieta za kutosha kujua kinafanya nini. Mtu ambaye sauti yake imeshasikika mara moja chumbani humo, hata kama ametaja jina tu, akiona kosa nusu saa baadaye anaona wepesi kusema tena. Na daktari akiitwa na mtu anayemjua jina anageuka upesi zaidi kuliko akisikia sauti isiyo na mwenyewe. Leo hii nimeshuhudia fomu hiyohiyo ikijazwa alama za vema zote 19 mgonjwa akiwa ameshatolewa thieta, kwa sababu mkaguzi anadai fomu kwenye jalada. Tumebakiza karatasi. Sauti tumeiondoa.

Mfano wa pili uko Haydom, Manyara, nao unagusa moja kwa moja habari ya semina. Wakunga wa hospitali ile walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Baada ya mafunzo walifanya vizuri sana kwenye mwanasesere. Watafiti walipokwenda kuangalia kinachofanyika kwa watoto halisi kwenye chumba cha kujifungulia, mambo hayakuwa yamebadilika. Basi hospitali ikabadili utaratibu: mwanasesere akawekwa palepale leba, na watumishi wakawa wanafanya mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara, wakiwa zamuni. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000. Mkondo huohuo wa kazi baadaye ulipanuliwa hadi vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza.

Siku nzima darasani haikutosha, dakika chache wodini zikatosha. Jambo hili nimelitafakari mara nyingi, na nadhani sababu yake si ngumu. Darasani mtu anajifunza kazi tu. Wodini anajifunza pamoja nayo mahali ambu, mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, inapowekwa, anajifunza kwamba mwenzake ni mkono wa kushoto, kwamba taa ya kona haiwaki, kwamba fulani akishtuka huganda na inabidi aitwe kwa jina ndipo asogee. Huwezi kuyajua hayo hotelini.

Kuhusu damu baada ya kujifungua hasa, majibu ya utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na kwetu Tanzania yalitoka mwaka 2023. Waliweka chini ya mama shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa mililita, ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho. Damu ikifika kiwango cha hatari, hawatibu kwa kujaribu kimoja wakangoja: kusugua tumbo, oksitosini, asidi ya traneksamiki inayosaidia damu kuganda, dripu na uchunguzi vinakwenda kwa pamoja, na msaada unaitwa mapema. Kutokwa na damu kupita kiasi, kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, na kufa kwa damu, ukivihesabu pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Tazameni palipo siri yake. Dawa zile karibu zote tulikuwa nazo kwenye kabati usiku ule. Tulikosa kipimo ambacho kila mtu anakisoma sawasawa, awe daktari au mhudumu, na tulikosa mpango wa nani ashike nini.

Sasa niwaeleze tulichofanya sisi, maana nisingependa mdhani nimekuja na malalamiko matupu. Baada ya tukio lile, muuguzi kiongozi wa wodi alitukalisha, akasema tujaribu miezi mitatu. Bajeti hatukuwa nayo. Tumbo la uzazi tulilishona kwa soksi nene na sponji la kuogea. Likilegea unalisugua, na ili likaze mwenzako anakunja ngumi kwa ndani. Damu ilikuwa maji yenye rangi ya chakula kwenye kanga kuukuu. Jumatatu na Alhamisi, baada ya makabidhiano ya asubuhi, dakika kumi. Tuligawana nafasi: mmoja tumboni, mmoja kwenye mshipa, mmoja dawa, mmoja simu na maabara, mmoja anaandika muda. Tukiwa wawili tu zamuni, tulijua nafasi zinavyounganishwa, na mhudumu alikuwa na yake: maabara.

Tukajifunza pia kujibizana. Hili nilidhani ni dogo, kumbe ndilo lililotubadilisha. Zamani ningesema "oksitosini jamani!" nikitazama dari. Sasa nasema, "Dada Rehema, oksitosini uniti 10, msuli wa paja." Naye hajibu "sawa". Anajibu, "Oksitosini 10, msuli wa paja," na akishachoma, "Imeingia, saa nane na dakika 12." (Rehema si jina lake halisi.) Mwandishi anaandika. Hakuna anayechoma mara mbili, na hakuna anayedhani imeshachomwa kumbe bado.

Na makabidhiano tukayahamishia kitandani. Anayetoka na anayeingia wanasimama pamoja, wanamsalimia mama kwa jina, wanafunua, wanaangalia kanga, wanashika tumbo, wanaangalia mtoto, ndipo wanahama. Kwa wazazi 11 ilituchukua dakika 20. Mara nyingi mama mwenyewe alitusahihisha: "Hapana, dripu hii waliiweka tangu mchana." Mgonjwa naye yumo kwenye timu, jambo ambalo hakuna semina iliyonifundisha.

Wiki ya saba, usiku wa manane, nilisikia sauti ya yule mama wa ndoo kutoka mwisho wa wodi, kubwa, haina woga: "Kitanda cha saba, kanga ya pili!" Hakungoja tumuulize. Tulipofika alikuwa ameshawasha taa na ameshatoka kuelekea maabara. Ilipofika dakika ya tisa tumbo lilikuwa limekaza. Mama wa kitanda cha saba alikwenda nyumbani siku ya tatu, amebeba mtoto wake, na kizazi chake kiko salama.

Mazoezi yale yaliendelea miezi mitano. Kisha muuguzi kiongozi akahamishwa wilaya nyingine. Aliyekuja hakukataa, ila hakukuta mahali palipoandikwa. Ratiba ya zamu haikuwa na zile dakika 20 za kupishana, kwa hiyo wanaotoka walikuwa wanazitoa kwenye muda wao wa kurudi nyumbani, wakachoka, na haki yao. Alhamisi ikafa kwanza, kisha Jumatatu. Soksi ile iko kwenye droo yangu hadi leo.

Hicho ndicho kiini cha barua hii. Moyo wa watumishi haukukosekana. Moyo uliendesha jambo miezi mitano bila senti. Kilichokosekana ni saini ya kiongozi kwenye ratiba. Ushirikiano unaotegemea wema wa mtu mmoja unaondoka naye siku ya uhamisho.

Ninachoomba, basi, kiandikwe. Zamu zipishane kwa dakika 20 zinazohesabika kama kazi, na makabidhiano yafanyike kitandani. Mazoezi mafupi yaingie kwenye ratiba ya kila wodi kama inavyoingia zamu, yasiitwe mafunzo ya ziada, na daktari aliye zamu awepo. Daktari asipokuwepo tunajizoesha kufanya kazi bila yeye, halafu tunashangaa siku ya hatari anapotoa amri kumi kwa pumzi moja. Simu ya wodi iwe na salio. Ni aibu kulisema hili, lakini nalisema. Ubao wa jina na kazi ya kila aliye zamuni, wahudumu na walinzi wakiwemo, uwekwe mahali ambapo sote tunauona. Na itamkwe wazi na Mganga Mfawidhi mwenyewe, mbele ya madaktari bingwa, kwamba mtu yeyote akiona jambo la hatari aseme, na asiposikilizwa aseme mara ya pili, na kumkaripia aliyesema kuwe ni kosa la kinidhamu. Neno hilo likitoka kwangu ni ombi. Likitoka kwenu ni utaratibu.

Hamtaanzia patupu. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza utaratibu wa 5S, wa kupanga na kuboresha mahali pa kazi, kwa msaada wa Wajapani, ukasambaa nchini, na ndani yake zimo timu ndogo za kuboresha kazi katika kila kitengo. Sote tunayajua yale maneno matano ukutani: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Katika wodi nyingi nilizopita, lebo za makabati zipo, lakini vikao vya zile timu ndogo vilikoma zamani. Vifufueni. Mkunga, mhudumu, mtu wa maabara na daktari, nusu saa kila wiki mbili, tatizo moja dogo, na kiongozi mmoja anayekuja kusikiliza akiwa na uwezo wa kuidhinisha.

Liko jingine ambalo ni gumu kuliandika. Tuna vikao vya kupitia vifo vya wazazi na watoto wachanga. Mwongozo wake unasema wazi kwamba si mahali pa kulaumu. Nimekaa katika vikao ambavyo swali la kwanza lilikuwa "nani alikuwa zamu?" Kuanzia hapo hakuna tena anayekumbuka lolote. Kalamu zinakuwa nzito, muda kwenye faili unanyooshwa ili upendeze, na sababu ya kifo inabaki wodini ikingoja mama mwingine. Nchi hii imepiga hatua kubwa: utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha vifo 556 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukaonyesha 104. Watu walitoa jasho kufika hapo. Vifo vilivyobaki vinahitaji watu wasemao ukweli mezani, na mtumishi hausemi ukweli mbele ya anayemwandalia barua ya kujieleza. Ulizeni kwanza nini kilitokea, na saa ngapi, na nani alijua nini wakati huo. Mzembe wa kweli atajitokeza mwenyewe katika maelezo hayo, naye ana sheria zake.

Najua kazi yenu. Najua kuna siku Katibu wa Afya anahangaika na mafuta ya gari la wagonjwa, umeme na madai ya wazabuni, na wodi zote zinalia kwa pamoja. Sikuandika kwa dharau. Nimeandika kwa sababu yule mama aliyekuwa na miaka 22 anaishi mtaa wa pili kutoka kwangu, tunasalimiana sokoni, na mtoto wake anaanza darasa la kwanza mwakani.

Kabla hamjalipia ukumbi wa mwaka huu, nawakaribisha wodini. Zamu ya usiku inakabidhi saa moja na nusu asubuhi. Njooni bila msafara, bila kutangaza. Simameni nasi kitanda kwa kitanda, mtaje majina yenu na sisi tutaje yetu, na mama wa ndoo ataje lake. Soksi nitakuwa nayo mfukoni.

Wenu katika kazi,
Muuguzi mkunga, wodi ya wazazi